Mjeledi Usiolia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande ukiwa bado umelala juu ya nyasi na maksai wetu wakitoa mvuke puani, baba yangu alinikabidhi mjeledi wa Mzungu akaniambia nisimame upande wa kushoto wa nira. "Usiwapige," alisema. "Piga hewa iliyo juu yao. Ng'ombe huogopa sauti kuliko maumivu." Saa hiyo naijua kwa hakika kwa sababu Tata, kama tulivyomwita, alikuwa na saa ya mkononi, ya kwanza katika ukoo wetu. Hakuanza kazi yoyote kabla ya kuitazama na kuitangaza, kana kwamba plau isingekubali kuingia ardhini bila kuambiwa wakati.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Juzi nilikuwa kwa fundi seremala mjini Kisii, nikingoja kiti changu kipakwe vanishi. Fundi alipofungua kopo, harufu ikanipanda kichwani, na kabla sijajua ninachofanya mkono wangu wa kulia ulikuwa umejiinua hadi usawa wa sikio na kusimama pale, ukisubiri. Fundi aliniuliza, "Mama, unafukuza nzi?" Nilimwambia hapana, nilikuwa namtuma. Hakuelewa, na sikumlaumu.

Tulikuwa wageni katika ardhi ile. Tata alitoka Birongo, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka kuku wa nyumba moja akikohoa nyumba ya pili inamwambia pole. Wazungu walipoondoka kwenye mashamba ya juu, ukipita Nyaramba, na ardhi ikakatwa vipande, Tata alipata kipande kilichoshuka mpaka mtoni. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba kubwa la chai la kampuni. Upande wetu kulikuwa na malisho, vichuguu, na kibanda cha mabati kilichokuwa ghala ya Mzungu. Ndani ya kibanda tulikuta tandiko la farasi lililoliwa na panya, kopo dogo lenye ndoano nyembamba kama kope, na fimbo ndefu ya vipande vitatu vilivyochomekana kwa pete za shaba. Ilikuwa nyepesi, rangi ya asali, inang'aa kwa vanishi. Chini ya mshikio palikuwa na kigurudumu kilichozungushiwa uzi mrefu wa hariri.

Tata aliikagua kwa siku kadhaa. Kisha akatoa hukumu. "Huu ni mjeledi wa farasi. Tandiko hili hapa, mjeledi huu hapa. Mzungu hapendi kumkaribia farasi kwa nyuma, kwa hiyo anampiga kutoka mbali." Hoja ilikuwa nzuri na hakuna aliyeipinga. Akafunga kipande cha katani kwenye ncha ya uzi, kama tulivyofunga kwenye mijeledi yetu, na msimu ule tukalima kwa mjeledi wa farasi.

Mimi ndiye niliyeushika kwa sababu Tata hakuwa na mwana mkubwa. Watoto wa kwanza tulikuwa wasichana, na mdogo wetu wa kiume alikuwa bado mgongoni kwa Mama. Watu walisema binti wa kuongoza maksai ni aibu ya nyumba. Niliwajibu kwa mlio. Nilijifunza kuirudisha fimbo nyuma na kuikata mbele kwa ghafla, uzi ukalia kama bunduki, sauti ikagonga mlima wa pili na kurudi. Majirani walijua tumeanza kulima kabla hata hawajatoka kitandani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na sijawahi tena kusikika mbali namna ile.

Jumapili moja niliteremka mtoni kuteka maji nikaona mtu amesimama ndani ya mto, maji yakimfika magotini, akiwa na mjeledi kama wetu. Alikuwa karani wa shamba la chai, mtu wa kwetu lakini aliyevaa kofia hata kivulini. Hakuwa na ng'ombe. Aliupeleka uzi nyuma, akaupeleka mbele, ukatua juu ya maji bila sauti yoyote. Akarudia. Bado kimya. Nilidhani ametumwa na kampuni kuufukuza mto upande wetu, na nilimwonea huruma kwa kuwa alipewa kazi asiyoiweza.

"Hujui kupiga!" nilimwitia. "Haulii!"

Aligeuka. "Nani amekwambia ulie?"

"Mjeledi usiolia ni wa nini?"

Ncha ya fimbo ilipinda ghafla kama shingo ya mtu aliyeitwa, na muda si mrefu alikuwa ameshika samaki mwenye madoadoa, anayerukaruka. "Ni wa huyu," alisema. "Trauti. Wazungu walimleta kutoka kwao, akapenda baridi ya hapa. Sasa nenda nyumbani, binti wa maksai. Hii si kazi ya wasichana."

"Tunao kama huo."

"Kama huu? Nyinyi?"

"Tunalimia."

Karani aliketi juu ya jiwe, akavua kofia. Nilidhani anaumwa.

Jioni ile ile alivuka kwa daraja la magogo akaja kwetu. Aliipitisha fimbo yetu mikononi polepole, akaichungulia kwa jicho moja kuanzia mshikio hadi ncha, akamwambia Tata kwamba ni kitu kikuukuu, kimeharibiwa na kulimiwa, lakini kwa kuwa yeye ni jirani atatoa shilingi arobaini akipokea mshahara mwisho wa mwezi. Tata aliangalia saa yake, jambo alilofanya kila alipotaka muda wa kufikiri. Shilingi arobaini kwa mjeledi! Mjeledi wa katani na mti wa mpera haukugharimu kitu.

"Tata, si mjeledi," nilisema. "Unavua samaki."

"Sisi tumeishi bila samaki tangu dunia iumbwe."

"Nikivua?"

Karani alicheka. "Mzee, niliwahi kuona mpaka Wazungu wakishindwa. Huyu ataing'oa mikono yake."

Kicheko hicho ndicho kilichonisaidia, maana Tata hakupenda mtoto wake achekwe na mtu mwenye kofia. Alisema, "Mwezi ukiisha, njoo na pesa zako. Kama binti huyu atakuwa ameleta samaki anayelika mezani kwangu, tutazungumza. Kama hajaleta, utachukua mjeledi wako." Basi. Niliachiwa fimbo mpaka mwisho wa mwezi, na sikuwa na mtu wa kunifundisha. Karani, kila nilipomtazama kutoka upande wetu, alinigeuzia mgongo ili nisione mkono wake. Hakujua kwamba kilichokuwa na maana zaidi kilikuwa kikitokea nyuma yake, hewani, mbele ya macho yangu.

Nilianza malishoni, mbali na maji. Nilikata katani ya Tata, nikafunga ndoano, na juu ya ndoano nikazungushia manyoya mekundu ya shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani, kwa kuwa ndivyo alivyofanana mdudu wa bandia niliyemwona kwenye ndoano ya karani. Nilipopiga, uzi ulilia vizuri sana, na huyo nzi wangu wa manyoya akatoweka. Nilifunga mwingine. Ukalia, akatoweka. Nilitambaa kwenye nyasi nikiwatafuta mpaka vidole vikachomwa. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia, na ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa elimu yangu ya kwanza niliyojipa mwenyewe: mlio ule niliojivunia ndio uliokuwa ukimkata nzi. Uzi unapolia ni kwa sababu umeitwa mbele kabla haujamaliza safari yake ya nyuma. Maksai walinifundisha kuharakisha, na sasa mkono wangu ulikuwa na ujuzi wa kazi nyingine.

Kujifunza si kugumu kama kujifunzua. Kifundo cha mkono wangu kilitaka kukata, kwa hiyo nilikifunga kwenye mshikio wa fimbo kwa kamba ya mgomba, kikakosa mahali pa kupinda. Kiwiko kilitaka kuruka kama bawa la kuku, kwa hiyo nilibana gunzi la mahindi kwapani na kujiapiza lisianguke. Lilianguka. Nikaliokota. Mama, akipita na kuni, alisimama akatazama.

"Kemunto, umefungwa na nani?"

"Nimejifunga mwenyewe."

"Na jogoo wangu mbona shingo iko uchi?"

"Joto, Mama."

"Joto! Huku kwetu!" Akaenda zake. Lakini hakumwambia Tata habari za jogoo.

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Ningehesabu, lakini hesabu ya mtoto mwenye haraka nayo ina haraka. Jibu lilitoka kanisani. Katika kwaya yetu ya Sabato sisi watoto na akina mama tuliimba mstari, kisha tukanyamaza, na wanaume wa sauti nzito wakajibu peke yao kwa maneno machache, ndipo sisi tukaingia tena. Ukiingia kabla wanaume hawajamaliza, kanisa zima linakugeukia. Nilikuwa nimewahi kugeukiwa. Basi malishoni niliimba mstari wetu nikipeleka uzi nyuma, nikawaimbia wanaume sehemu yao kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, ndipo nikauleta mbele. Mara ya kwanza nilipowaacha wanaume wamalize, sikusikia kitu. Uzi ulinyooka nyuma yangu, ukapita juu ya kichwa changu kama ndege asiye na haja nami, ukalala juu ya nyasi umenyooka. Nzi alikuwa mahali pake. Nilisimama nikisikiliza kimya kile, na nakiri kwamba nilikipenda kuliko milio yote.

Nilipohamia mtoni mambo yakawa mabaya tena. Uzi wa hariri ulizama, nikaupaka samli ukaelea. Upepo wa kutoka kwenye chai uliurudisha usoni. Ndoano zikaniingia kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye nyasi, mara moja kwenye sikio, na Mama aliitoa kwa koleo ya Tata. Kopo la ndoano likawa jepesi mpaka ikabaki moja.

Karani alinikuta siku moja akaniita kutoka ng'ambo. "Huo mto ni wa kampuni!"

"Nusu yake!"

"Samaki wote ni wa kampuni!"

"Basi waite waje huko!"

Alicheka tena, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua, na niliona anatazama jinsi uzi wangu ulivyokuwa ukitua.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi niliteremka mapema alasiri nikiwa na ndoano yangu moja. Kwetu Sabato huingia jua linapozama, na baada ya hapo hakuna kuvua, hakuna kupika, hakuna kuwasha moto. Karani angekuja Jumapili asubuhi. Jua lilikuwa limegusa miti ya mkaratusi upande wa juu na kivuli kilikuwa kikishuka malishoni kuelekea kwangu kama mtu anayekuja kudai. Niliimba mstari wetu. Nikawaacha wanaume wajibu. Nzi akatua chini ya ukingo wa mbali, mahali maji yanapogeuka, hakutoa sauti wala kutikisa kitu, na maji yakamfungukia.

Sitaeleza vita vile. Nitasema tu kwamba nilianguka, nikasimama, na fimbo iliyoendesha maksai wa Tata kwa mlio mtupu haikuvunjika. Nilimtoa samaki mrefu kama mkono wangu hadi kiwikoni. Jua likazama nikiwa namzungushia mawe kwenye kidimbwi kando ya mto, maji yakipita, ili akae hai. Sabato nzima nilikaa kanisani nikinuka mto, Mzee Onchiri, mzee wa kanisa letu, akihubiri juu ya subira. Sikuhitaji mahubiri hayo.

Jumapili asubuhi nilimtoa samaki, nikampiga kichwani kwa jiwe, nikamlaza juu ya jani la mgomba mbele ya Tata. Karani alikuwa ameshafika, bahasha mfukoni. Alipomwona samaki alikaza midomo. Tata alitazama saa. Kisha akamtazama samaki kwa muda, akampitishia kidole.

"Ni laini," alisema. "Magamba yako wapi?"

Sikuwa nimefikiria magamba. Kwa mtu wa Sabato hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Samaki mwenye mapezi na magamba ni safi. Asiye na magamba, kama kambare wa matope, ni najisi, na haingii nyumbani. Na huyu wangu alikuwa laini kama sabuni iliyolowa, mwenye madoa kama kifutu. Mama alirudi nyuma hatua moja na sufuria yake.

"Tata, magamba yapo. Ni madogo. Bwana karani anajua. Muulize!"

Karani aliinua mikono. "Mimi ni Mkatoliki, mtoto. Sisi hatumhoji samaki."

Alijua. Nilimwona kwamba anajua, na kwamba anaihesabu fimbo kuwa yake. Tata akatuma Mzee Onchiri aitwe. Alikuja na koti lake jeusi la sufu, lile la Sabato, kwa kuwa aliona ameitwa kwa jambo la kanisa. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akaketi, akaomba kwa kifupi, kisha akamshika samaki.

"Nipe kisu, Mama," nilisema. "Nimkune, mtaona."

"Kisu cha jikoni hakikuni najisi kabla hajajulikana kama ni najisi," Mzee Onchiri alisema. Alimsugua samaki kwa dole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani, akasugua tena kwa nguvu, akayasogeza macho. Macho yake hayakuwa mazuri. "Sioni kitu. Naona ute." Akapangusa kidole kwenye mkono wa koti lake. "Ni laini kama kambare. Mimi siwezi kusema kwamba huyu ana magamba. Pole, binti. Umefanya bidii."

Karani akatoa bahasha. "Basi, mzee."

"Ngoja," nilisema.

"Kemunto, kaa chini!" Tata aliita kwa ile sauti yake ya kuwaonya maksai.

"Sikai. Mpaka niyaone magamba, au nisiyaone kwa macho yangu mwenyewe."

Mtoto wa kike hakusema hivyo mbele ya mzee wa kanisa. Nilijua, na nilisema, na nilibaki nimesimama. Kila mtu alitazama chini kwa aibu yangu. Kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimeinua uso, mimi peke yangu niliona. Jua la asubuhi lilikuwa limefika kwenye kiti cha Mzee Onchiri. Juu ya mkono wa koti lake jeusi ute ulikuwa umeanza kukauka, na ndani yake vilikuwa viking'aa vitu vidogo vya mviringo, vyembamba kuliko karatasi, kama vumbi la kioo.

"Mzee," nilisema, "tazama koti lako."

Alilitazama. Alijaribu kupangusa, havikutoka. Alichukua kimoja kwa ukucha, akakiweka kwenye ncha ya kidole, akakigeuza juani. Akachukua cha pili. Mzee Onchiri alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo, na nimewahi kuishi na watu waliokuwa kinyume chake. Alivuta pumzi.

"Ni magamba," alisema. "Sheria haikusema yawe makubwa." Kisha akamgeukia karani. "Na wewe ulijua."

"Mimi sikuulizwa na kanisa langu," karani alisema.

Tata alikuwa bado ametazama bahasha. Nilimwelewa. Msimu ule tulikuwa na deni la mbolea, na arobaini ni arobaini hata kama samaki ni safi. Aliangalia saa. Nadhani angeuza. Lakini Mama alikuwa ameshanyanyua jani la mgomba pamoja na samaki wake, akaliingiza jikoni, na kutoka mle ndani tulimsikia akisema, bila kupaza sauti, "Bwana karani, kaa ule kidogo, kisha urudi kwako na pesa zako kabla mvua haijakukuta njiani."

Mzee Onchiri ndiye aliyecheka kwanza. Tata akafuata, kwa shida. "Mjeledi hauuzwi," alisema. Mpaka alipokufa hakuwahi kuuita kwa jina lingine.

Karani alikula. Alisema chumvi ni kidogo. Akaondoka na bahasha yake.

Niliendelea kuvua upande wetu wa mto miaka yote ya shule, na watu waliendelea kusema binti mwenye fimbo ni aibu ya nyumba, na sikuwajibu tena kwa mlio wala kwa neno. Fimbo ninayo. Nimeipaka vanishi mpya mara kadhaa, na pete zake za shaba zimebadilishwa. Tata hakuisahau biashara ile. Kila karo ilipokosekana, kila maksai alipougua, hata siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, alikumbusha kwamba nyumba yake iliwahi kupata hasara kwa sababu ya mtoto asiyekaa alipoambiwa akae. Sikumpinga, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Nami naiweka hapa kama alivyoiweka yeye, bila kuipunguza na bila kuiombea radhi: shilingi arobaini.